Kuishi Berlin bila Kuhesabu Siku za Kurudi

Watanzania wengi ninaowafahamu hapa Berlin huishi mwaka wa kwanza, na wengine hata wa kumi, wakiwa na mguu mmoja tu mjini. Dirisha halina pazia kwa sababu chumba ni cha muda, marafiki hawatafutwi kwa sababu mkataba wa kazi utakwisha, na kila yuro inayobaki hugeuka tofali la nyumba ya Kibaha au Chanika. Sisemi kwamba kujenga nyumbani ni kosa, maana nami nimejenga. Ninachosema ni kwamba aliyeiweka furaha yake kiporo mpaka siku ya kurudi anaweza kuzeeka akiwa bado safarini.

Kinachomwelemea mgeni kwanza ni majira. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na mawingu huweza kutanda wiki nzima. Kwa kuwa ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, ni busara kumwona daktari mapema badala ya kudhani kwamba uchovu huo ni uvivu, au kwamba kuna mtu kijijini amekuloga. Baada ya majira inakuja Jumapili. Kwetu siku hiyo ni ya kanisa, pilau na wageni ambao hawakualikwa. Berlin karibu maduka yote hufungwa kwa sheria, majirani hawapendi kelele, na rafiki hakutembelei mpaka mmepanga siku na saa, pengine wiki mbili kabla. Mwanzoni niliuona utaratibu huo kuwa ubaridi wa moyo. Siku hizi nauona vingine, kwa maana Mjerumani aliyekuandika kwenye kalenda yake atakuja, mvua inyeshe isinyeshe, na atabisha hodi dakika ileile mliyokubaliana.

Jumuiya yetu ya Watanzania inatufaa sana katika misiba na sherehe, wala sijui tungesafirishaje maiti bila michango yake. Hata hivyo, haikuweza kunifanya niwe mtu wa mtaa ninaoishi. Jambo hilo lililetwa na kwaya. Ujerumani ni nchi ya vyama: sheria huhitaji watu saba tu ili chama kisajiliwe, na kwa sababu hiyo kuna vyama vya kuimba, vya bustani, vya sataranji na vya karibu kila kitu ambacho watu wawili wanaweza kukipenda. Niliingia katika kwaya ya mtaa kwa kuwa sauti ya nne ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika ninakiweza. Hata hapo nilipata kazi, kwani kwaya zetu nyingi husoma solfa, yaani do, re, mi, na wao walikuwa wakisoma nota za mistari. Mama mmoja mzee alinikalisha kando kila baada ya mazoezi akanifundisha, kwa Kijerumani cha polepole ambacho kilinisaidia kuliko kitabu chochote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Berlin hakuna anayekuja kukukabidhi jembe. Ni lazima uliombe. Mimi niliomba nipange viti, na baada ya muda nikapewa ufunguo wa ukumbi. Kisha siku moja homa ilinilaza, sikwenda mazoezini, na kabla ya saa mbili usiku simu ilikuwa ikiita: mbona hukuja, unaumwa, umekula? Tangu nihamie hapa nilikuwa nimesaidiwa na watu wengi wema, lakini sikuwahi kukosekana. Furaha yangu katika jiji hili naihesabu kuanzia simu hiyo.

Ndugu zangu wa Songea huniuliza ninawezaje kufurahi kati ya watu ambao babu zao waliwanyonga wazee wetu katika vita vya Maji Maji. Swali hilo ni la haki, na ni zito zaidi kwa sababu ninaishi Wedding, eneo la hapa Berlin, kwenye mitaa iliyopewa majina ya Afrika enzi za ukoloni. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi, na mwezi Agosti 2024, baada ya wanaharakati kudai kwa miaka mingi, sehemu ya barabara ya Petersallee, jina lililowekwa kumtukuza Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha ukoloni wa nchi yake Afrika Mashariki, ikaitwa Maji-Maji-Allee. Wenzangu wawili wa kwaya waliniomba tuende pamoja niwaeleze maana yake. Niliwaeleza bila kupunguza makali, wakasikiliza, na wiki iliyofuata tuliimba pamoja kama kawaida. Kama ingenibidi kunyamaza kuhusu Songea ili nikubalike, nisingebaki katika kwaya hiyo.

Kwa anayekuja mwaka huu, asidanganyike na ofisi zinazotumia Kiingereza, kwa kuwa kwaya, jirani na daktari wa mtaani wataongea Kijerumani. Kila wilaya ya Berlin ina shule yake ya elimu ya watu wazima, iitwayo Volkshochschule, yenye kozi za lugha kwa bei nafuu. Nafasi hujaa upesi, kwa hiyo ajiandikishe hata kabla hajanunua koti.