Mgandamizo Unapozima na Unapowasha: Mfano wa Fulereni

Wengi wanaofuatilia habari za vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wamezoea kusikia kwamba mgandamizo mkubwa huisaidia hali hiyo. Kwa maoni yangu, kaboni ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba jambo si rahisi kiasi hicho.

Tuchukue fulereni, molekuli ya atomu 60 za kaboni zilizoungana kama mpira wa miguu. Mwaka 1991 watafiti wa Bell Labs nchini Marekani waliingiza potasiamu kati ya molekuli hizo, wakakuta ukinzani unatoweka chini ya halijoto ya kelvini 18 (nyuzi 255 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi); kwa rubidi, ambayo atomu zake ni kubwa zaidi, kiwango kilipanda hadi 28. Michanganyiko hiyo ikigandamizwa, kiwango hushuka, kwa sababu molekuli zikisogeleana elektroni huruka kwa urahisi zaidi kutoka moja hadi nyingine, bendi ya nishati (upeo wa nishati ambazo elektroni zinaweza kuwa nazo) hutanuka, na nafasi za elektroni katika nishati inayohusika na uundaji wa jozi, yaani elektroni mbili mbili zinazobeba umeme bila ukinzani, hupungua.

Kwa hesabu hiyo, seziamu, yenye atomu kubwa kuliko zote mbili na hivyo kuzitenganisha molekuli zaidi, ingetarajiwa kufanya vizuri zaidi. Lakini Cs3C60, yaani fulereni yenye seziamu, katika mgandamizo wa kawaida wa hewa ni kihami, haipitishi umeme: molekuli zimeachana mno, elektroni zinasukumana hata kila moja inabaki mahali pake, na baridi ikizidi usumaku wao hujipanga kwa kupishana. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza, wakiwemo wa Liverpool na Durham, waliukandamiza mchanganyiko huo kwa takriban mara 7,000 ya mgandamizo wa hewa, nao ukapitisha umeme bila ukinzani hadi kelvini 38. Walipozidisha mgandamizo, kiwango kikaanza kushuka, kama ilivyo kwa potasiamu na rubidi.

Hapo ndipo ninapovutiwa hasa. Hakuna atomu iliyoongezwa wala kuondolewa. Kilichobadilika ni umbali tu, na umbali huo peke yake umeitoa maada kwenye usumaku na kuifikisha kwenye hali inayoonekana kuwa kinyume chake kabisa.

Grafiti (kaboni ya tabaka tabaka, kama ya penseli) yenye kalsiamu, CaC6, hufuata njia nyingine. Kiwango chake huanza na kelvini 11.5, hupanda hadi karibu 15 kwenye gigapaskali 8 hivi (kama mara 80,000 ya mgandamizo wa hewa), kisha huporomoka ghafla, badiliko ambalo walioipima walilihusisha na kuvurugika kwa mpangilio wa fuwele yake.