Unyayo wa tetea mwekundu

Masika ya mwaka 2018, yale yaliyofanya barabara ya Jangwani, Dar es Salaam, ifungwe kwa maji, sisi Tabata Kisukuru hayakutufikia kama mafuriko. Yalitufikia kama tope. Uani kwa shangazi palikuwa hapakauki, na maranda ya bandani yalilowa kwa maji ya mvua yaliyopenya chini ya mlango, yakawa yanaganda kwenye vidole vya kuku kama ugali kwenye mwiko. Asubuhi moja ya Aprili kuku 13 walikuwa wameshaanza kudonoa pumba, wa 14 hajatoka. Alikuwa tetea mwekundu, chotara wa mbegu ya Kuchi, mzito kuliko wote, kilo 3 hivi. Alipotoka alisimama kwa mguu wa kushoto, wa kulia kaukunja tumboni.

"Mdondo huo," shangazi akasema. Mdondo uliwahi kummalizia banda zima, basi tangu hapo kuku akipiga chafya tu jina ni hilo. Lakini mdondo huja na kuhara kijani, kukoroma, shingo kupinda, na hawa walikuwa wanapata tone la chanjo jichoni kila baada ya miezi 3. Huyu alikula vizuri, upanga ulikuwa mwekundu, macho maangavu. Tatizo lilikuwa mguuni tu.

Jirani yeye alisema ni utitiri wa miguu, tupake oili chafu ya gereji. Dawa hiyo imezoeleka mtaani na inaunguza ngozi. Tena utitiri wa miguu unajulikana bila kubahatisha: magamba ya mguu huinuka, yanakuwa kama gome la mti, na unga mweupe chini yake. Ya tetea yalikuwa yamelala, laini. Tulisubiri giza liingie, maana kuku aliyelala unamchukua kama unavyochukua embe mtini, tukamwosha miguu kwanza. Chini ya tope, katikati ya unyayo wa kulia, palikuwa na doa jeusi la mviringo, ukubwa wa punje ya mbaazi, gumu, limezungukwa na uvimbe. Nikaweka kidole gumba kwenye unyayo mmoja, kingine kwenye wa pili. Wa kulia ulikuwa wa moto na umejaa hadi vidole vimeachana.

Nikajua ni jipu la unyayo. Nikajua pia, au nilidhani najua, jipu linavyotibiwa. Kiwembe kipya, nikakibandua kigaga, nikaminya. Ikatoka damu, usaha hakuna. Nikaminya zaidi. Damu tu. Nikasema basi ni safi, nikapaka iodini, nikabandika plasta, nikamrudisha bandani na wenzake. Siku ya nne plasta haipo, kigaga kimerudi kikubwa zaidi, na uvimbe umepanda upande wa juu wa mguu, katikati ya vidole.

Mtaa wa nyuma alikaa bwana mifugo mstaafu, wote tukimwita Daktari. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba. Kuku gani leo?"

Nikamweleza, nikamwambia nimeminya na usaha haukutoka. Akacheka kidogo. "Ulikuwa unaminya kuku au unaminya mtoto wa shule? Usaha wa kuku hautiririki, mwanangu."

Hili ndilo jambo ambalo laiti ningelijua tangu mwanzo. Binadamu akipata jipu, chembe nyeupe za damu zina vimeng'enya vinavyoyeyusha uchafu ukawa uji. Chembe za kuku zinazofanya kazi hiyo hazina kimeng'enya kimoja muhimu, hivyo usaha wake hukauka mahali ulipo, unakuwa donge gumu la rangi ya maziwa yaliyoganda. Ukiminya, donge halitoki. Unachofanya ni kusukuma vijidudu vizame ndani zaidi. Mara nyingi vijidudu hivyo ni stafilokokasi, walewale wanaotupa sisi majipu, na ndiyo maana kabla ya kuja kwetu alinituma duka la dawa ninunue glovu. Shangazi alikuwa na mkato kidoleni kutokana na kisu cha vitunguu, na alikuwa amemshika kuku mikono mitupu.

Alikuja Ijumaa baada ya Isha. Alianza kwa kupandisha kidole kwenye mguu wa tetea, kuanzia unyayo hadi kwenye kifundo. Alisema kama uvimbe na joto vingefika kifundoni, au kuku angekuwa ameacha kula, asingegusa kitu: huyo angehitaji ganzi na mikono ya daktari wa mifugo kwenye meza ya kliniki. Huyu wetu uvimbe ulikuwa umeishia kwenye vidole.

Maji ya vuguvugu kwenye beseni, yanayopimwa kwa kiwiko kama ya kuogeshea mtoto, na chumvi ya haluli vijiko 2 vya chakula kwa kila lita. Miguu ikazama dakika 15. Kazi yangu ilikuwa kumzuia asidumbukize mdomo, maana haluli ni haluli hata kwa kuku, na kuku anayeharisha usiku huo angetukinaisha wote. Ukikosa haluli, chumvi ya kawaida inafaa. Kinachotakiwa hasa ni kigaga kilainike. Mimi mara ya kwanza nilikata kikavu, na nilikata pamoja na nyama nzima.

Kisha akamfunga kwa kanga, kichwa na mabawa ndani, mguu mmoja nje. Tetea akatulia palepale. Shangazi akampakata ubavu, na hapo akapata karipio lake la kwanza: "Mama, usimbane kifua." Kuku hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Ukiubana kwa nguvu, anakufa mikononi huku wewe ukidhani ametulia.

Vifaa vilikuwa vya kawaida: kibano kilichochemshwa dakika 10, kiwembe kipya, gozi, bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake, taa ya simu. Daktari hakuanza na kiwembe. Alishika ukingo wa kigaga kwa kibano akauinua taratibu, akizunguka. Upande uliogoma aliurudisha majini dakika 5. Kilipoinuka chote, kilitoka na kitu chini yake kama kizibo cha chupa. Pale nilipoona mimi nyama na damu, yeye alinionyesha weupe wa manjano pembeni mwa shimo. Akaukamata, akavuta polepole bila kuupindisha. Kikatoka kiini kama mbegu ya boga iliyochemshwa, na nyuma yake nyuzi mbili zikielekea katikati ya vidole. Hizo nyuzi ndizo zilizoufanya uvimbe upande juu. Zikikatika ndani, kazi imebaki.

Kiwembe alikitumia mara moja tu, kupanua shimo kwa upana wa punje ya mchele. Kila damu ilipoziba njia alikandamiza gozi, akahesabu dakika 3 bila kuchungulia. Kuna wakati nilimwonyesha weupe mwingine, nikidhani ni nyuzi ya tatu. Akanizuia mkono. "Hiki kinang'aa kama nailoni. Ni kano, ndiyo inayomkunjia vidole. Ukiivuta hii atabaki kiwete." Usaha mkavu haung'ai na hauna mvutano. Tulikaa dakika 40 hivi, na mwishoni kulikuwa na kivuli cha manjano upande mmoja ambacho hakikutaka kutoka. Akakiacha. Alisema mwili utakisukuma wenyewe, na kuchokonoa kwa pupa kunaharibu kuliko kuacha kidogo.

Kusafisha shimo alitumia maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita, na chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, akipuliza kwa bomba mpaka maji yakarudi meupe. Nikamletea spiriti. Akaisukuma pembeni. Spiriti, na iodini kali isiyochanganywa na maji, huua kidudu na pia nyama changa inayotaka kufunga kidonda, basi kila siku unaanza upya. Iodini aliizimua mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi iliyopungua majani.

Bandeji nilifunga mimi, na niliiharibu. Gozi iliyokunjwa mara nne juu ya shimo, kisha bandeji ikipita katikati ya vidole na kurudi nyuma ya mguu kama namba 8, juu yake plasta ya kitambaa. Umbo lilikuwa sawa. Nguvu ndizo zilizozidi. Asubuhi vidole vilikuwa baridi, vimevimba kama njugu mawe zilizolowekwa. Nikafungua haraka, vikarudi baada ya saa moja. Kipimo cha Daktari nilikipata nikiwa nimeshakosea: baada ya kufunga, ncha ya kalamu ipite chini ya bandeji bila kulazimisha, na vidole viguswe tena baada ya saa moja.

Sasa tetea akahamia kwenye tenga jikoni, maranda makavu kina cha kiganja, maji na chakula karibu, hakuna pa kurukia. Wiki ya kwanza tulibadilisha bandeji kila siku, kisha kila baada ya siku mbili, kila mara kwa kulowesha kwanza ili gozi isibandue nyama. Siku ya tatu kile kivuli cha manjano kilitoka chenyewe kimeshika kwenye gozi. Siku ya kumi shimo lilikuwa la waridi na linapungua kutoka chini kuja juu, jinsi linavyotakiwa. Likifunga juu kwanza, ndani pamebaki chumba cha usaha mwingine.

Kuhusu antibayotiki kulikuwa na kisa. Shangazi alikuwa ameshanunua unga wa kuchanganya kwenye maji na ameutia kwenye chombo cha kuku wote, siku mbili kabla Daktari hajaja. Muuzaji dukani hakuuliza kuku ana nini. Dawa ya namna hiyo haifiki ndani ya kiini, kwa sababu kiini hakina damu inayopita, na kuku mgonjwa wa mguu anakunywa kidogo kuliko wazima, basi wazima ndio waliopata dozi. Daktari akasoma lebo, akaonyesha siku za kusubiri kabla ya kula mayai. Si mayai ya tetea mmoja. Ya banda zima. Kijana wa chipsi aliyekuwa akichukua trei moja kwa wiki akaambiwa asubiri, na kila jioni shangazi akawa anafukia mayai nyuma ya choo akitaja bei ya trei kwa sauti.

Wiki ya tatu, nikifanya usafi, nikawakagua wengine nyayo. Wawili walikuwa na doa jeusi. Nikamwita Daktari nikiwa tayari na beseni. Akabonyeza: hakuna uvimbe, hakuna joto. Hawa hawakatwi. Maji ya chumvi jioni, iodini iliyozimuliwa, maranda makavu, wiki moja. Kweli vigaga vilidondoka vyenyewe.

Lakini kuku watatu, unyayo uleule? Akaniambia nije bandani saa 12 kabla sijawafungulia, nisiseme kitu, nisikilize tu. Nikasimama gizani. Bembea yao, yaani mbao ya kulalia, ilikuwa kwenye usawa wa kifua changu. Kulipopambazuka wakaanza kushuka. Pu. Pu. Tetea wakubwa walitua kama mtu anayeangusha mfuko wa sukari. Nikapapasa chini ya bembea: maranda walikuwa wameyachakura yote pembeni, hapo katikati ni sakafu tupu ya saruji. Nikapapasa na mbao yenyewe. Ilikuwa mbili kwa mbili iliyobaki kwenye kumwaga zege, kingo kali, na vipande vya saruji kavu vimeng'ang'ania juu yake kama meno. Usiku kucha kuku mwenye kilo 3 alikuwa anakandamiza unyayo juu ya meno hayo, asubuhi anaruka juu ya saruji, mchana anatembea kwenye tope lenye kinyesi. Nami nilikuwa nimemtibu mara ya kwanza nikamrudisha juu ya mbao ileile.

Fundi alituletea mbao ya mbili kwa nne, tukaiweka upana juu, kingo zikapigwa randa hadi zikawa mviringo, kisha msasa. Tukaishusha hadi sentimita 45. Maranda mabichi yote nje, mapya kina cha sentimita 12, na tofali mlangoni kuzuia maji. Daktari akaongeza kwamba pumba tupu haijengi ngozi, wapewe na majani. Mchicha wa shangazi ukaanza kupungua tutani kwake, na hilo nalo alilisema kwa sauti.

Tetea alikaa kwenye tenga wiki 5. Tulimrudisha usiku, tukamweka juu ya bembea katikati ya wenzake waliolala, maana ukimrudisha mchana wanampiga kama mgeni. Unyayo ulikuwa umebaki na kibonyeo kidogo, kikavu, na kidole cha kati kimeelemea nje kidogo. Asubuhi nilikuwa mlangoni tena saa 12. Wakashuka mmojammoja kwenye maranda, yeye akawa wa pili, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumdonoa jogoo aliyesimama mbele ya chombo cha pumba.