Mzinga wa povu na gundi ya viatu

Hii mizinga ya povu gumu (polistirini, kama la maboksi ya kubebea samaki) tunayofugia nyuki huku Uingereza ni myepesi na inatunza joto wakati wa baridi, ila ukingo wake ukiubandua kwa patasi unamegeka kama andazi lililolala. Wiki hii nilikuwa na masanduku 2 ya mzinga yaliyomegeka ya kukarabati. La kwanza nikalipaka gundi ya viatu. Weee! Povu likayeyuka nikilitazama, likaacha shimo la kuingia dole gumba. La pili nikatumia ile gundi nyeupe ya mbao, nikachomeka vijiti vya mishikaki badala ya misumari, nikalifunga mkanda siku 2. Limeshika kwelikweli. Lile shimo nimeziba kwa kipande cha povu la boksi la samaki (nililiosha, msicheke). Bado kupaka rangi ya maji.