Kabla ya kuingia, niliutafuta mlango wa kutokea

Kwa miaka mingi nywila zangu zilikaa katika daftari la kurasa 96 nililolificha chini ya nguo kabatini, hapa nyumbani Arua. Hakuna mdukuzi aliyewahi kulifikia. Lililolimaliza ni mvua ya Agosti iliyopenya bati usiku mmoja na kugeuza kurasa za barua pepe na za kodi kuwa madoa ya buluu. Ndipo nilipoamua kutafuta programu ya kutunza nywila, tena ya bure, kwa sababu nyingi za kulipia hudai dola kila mwaka kupitia kadi ya benki, nami matumizi yangu yote huyafanya kwa pesa za simu.

Neno "bure" lilinifanya nisite. Mnamo Machi 2021 LastPass, programu ya kutunza nywila iliyokuwa kimbilio la watu wengi wasiolipa, iliwataka watumiaji wake wa bure wachague ama kompyuta ama simu, kwa maana hawangeweza tena kuitumia kwenye vyote viwili. Mwaka uliofuata wadukuzi waliiba nakala za hifadhi za wateja wake, na ingawa nywila zenyewe zilikuwa zimesimbwa (yaani zimegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo), anwani za tovuti hazikusimbwa, hivyo mwizi aliweza kujua mtu anatumia benki gani hata kabla ya kufungua chochote. Kwa hiyo swali langu la kwanza halikuwa uzuri wa programu, bali kama ingeniruhusu kutoka na nywila zangu zote siku masharti yatakapobadilika.

Swali la pili lilitokana na maisha ya hapa Uganda. Intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, tulikaa siku kadhaa bila mtandao, na hata bila siasa bando huisha wakati wowote. Hifadhi inayofunguka mtandaoni tu haikunifaa.

Niliishia na mbili. Bitwarden ni ya msimbo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na toleo lake la bure halina kikomo cha idadi ya nywila wala cha vifaa; husimba kila kitu ndani ya simu yako kabla ya kukipeleka kwenye seva (kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa mtandao), na nakala iliyokwisha kushuka kwenye simu husomeka bila mtandao, mradi hujatoka kwenye akaunti. Familia ya KeePass, iliyoanzishwa na Dominik Reichl mwaka 2003, haina seva kabisa: nywila zote hukaa katika faili moja lililosimbwa, ambalo mimi hulifungua kwa KeePassXC kwenye kompyuta na KeePassDX kwenye simu ya Android. (Kivinjari nacho hutunza nywila bure, lakini simu yangu hushikwa na watoto wa ndugu zangu wote.)

Nilichagua KeePass, na nakiri kwamba ina usumbufu wake, kwa kuwa ni lazima nilihamishe faili mwenyewe kwa waya kutoka kompyuta hadi simu, na nikisahau hujikuta na matoleo mawili yasiyolingana. Dada yangu, ambaye hana subira ya namna hiyo, nilimwekea Bitwarden, na sijutii. Programu zote mbili hukuruhusu kutoa nywila zako katika faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ya kawaida, ambalo programu nyingine nyingi hulipokea, ila faili hilo halijasimbwa, kwa hiyo lifute mara tu umalizapo kuhama, wala usilitume kwa WhatsApp.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni nywila kuu, ile moja inayofungua nyingine zote, maana ukiisahau hakuna ofisi ya kuipigia simu. Methali niliikataa mapema, kwa kuwa kila anayeijua lugha anaweza kuikisia. Nikaandika maneno mengi ya Kiswahili, Kilugbara na Kiganda kwenye vipande vya karatasi, nikavichanganya kofiani, nikachomoa sita bila kutazama. Maneno hayo sita sasa yamo kichwani, na pia kwenye karatasi iliyo pamoja na hati za shamba kwa mama, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili.