Nilivyokuza liki za msimu wa baridi uani kwangu, Lamu

Liki, mboga ya jamii ya kitunguu, unayoikuta sokoni Lamu imetoka bara. Imepanda lori mpaka Mokowe, ikavushwa kwa boti, na ikifika kwa muuzaji majani yashalegea na bei ishapanda. Hoteli za Shela huagiza; sisi wengine hununua vitunguu vya majani vya kawaida, vile vyembamba, tukaendelea na mambo yetu. Mimi nilizitaka liki zenyewe, zenye shina nene jeupe, na nilitaka kuzitoa kwenye mbegu uani kwangu, mtaa wa Langoni.

Kila niliyemwambia alinijibu kwamba huo ni mmea wa baridi. Ni kweli. Pakiti niliyoipata ilikuwa ya Musselburgh, mbegu ya Scotland ya tangu karne ya 19. Huko kwao husiwa Machi au Aprili, ikakaa ardhini mpaka Desemba na kuendelea, barafu juu yake. Sisi hatuna barafu, tuna kusi. Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo huo hutuletea mawingu, manyunyu na ubaridi kidogo, na ndiyo baridi yote tuliyojaaliwa. Nikapanga liki zangu zikulie humo.

Kilichonipa moyo ni hiki. Vitunguu maji vingi vya Ulaya ya kaskazini hungoja siku ziwe ndefu, saa 14 au zaidi za mwanga, ndipo vifanye tunguu, kile kichwa cha mviringo cha chini. Lamu iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo vitunguu hivyo hapa hubaki majani matupu. Liki haihitaji kufanya tunguu. Tunachokula ni majani yaliyokumbatiana yakawa kama shina, basi urefu wa siku si kikwazo. Kikwazo ni joto, hasa wakati wa kuota.

Mbegu ya liki huota vizuri kwenye nyuzijoto 15 mpaka 25. Aprili, mchana, uani kwetu utapata yai la kukaanga lakini si mche. Nikaitumia nyumba. Yetu ni ya mawe ya matumbawe, kuta zake nene, na chumba cha chini jua halikijui. Nilitoboa beseni la plastiki chini, nikalijaza mchanga na samadi iliyooza, nikasia mbegu kina cha sentimita 1, nikalifunika kwa gunia bichi na kuliweka sakafuni. Mche wa liki huchomoza umepinda, kichwa bado kimo udongoni, mfano wa ndoana. Nilipoziona ndoana za mwanzo niliondoa gunia saa ile ile na kulitoa beseni dakani, penye mwanga. Ukizembea hapo miche hurefuka ikalala chali. Na kabla ya yote soma tarehe ya pakiti, maana mbegu za jamii ya kitunguu hazidumu. Mwaka mmoja au miwili tu, tena duka likiwa la joto huisha nguvu mapema zaidi.

Samadi Lamu si shida, shida ni kupishana na wenye kuitoa. Nilimwendea jirani mwenye punda.

"Ami, naomba samadi."

"Chukua yote, mwanangu. Na kesho njoo, kuna nyengine."

Samadi ya punda ina mbegu za nyasi ambazo tumbo halikuzimaliza. Niliirundika, nikailowesha, nikaifunika na kuigeuza kila mara mpaka ikapoa na harufu ikatoka, ndipo nikaichanganya na mchanga wa ua. Tuta nililiweka chini ya ukuta wa magharibi: lipate jua la asubuhi, alasiri liwe kivulini.

Juni, miche ilipofika unene wa penseli, nikaihamisha. Maelekezo ya Ulaya husema utoboe shimo la sentimita 15 kwa kijiti, utumbukize mche, usifukie, umwagie maji tu. Huo ni ushauri wa udongo mzito. Mchanga wetu, ukitoa kijiti shimo limeshajifukia lenyewe. Nilichimba mtaro wa kina hicho hicho, nikapanda mche kila sentimita 15, kisha nikawa nafukia kidogo kidogo kadiri ulivyokua. Sehemu iliyofichwa jua ndiyo huwa nyeupe na laini. Ila usifukie kupita pale majani yanapoachana, usije ukatafuna mchanga mezani.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, na jamii ya kitunguu haiivumilii. Kanuni yangu ni ulimi: nikionja nikaisikia chumvi, hayaendi kwenye tuta. Nilitumia ya mvua ya masika niliyoyakinga kutoka paani, na yalipokwisha nikategemea ya mfereji, yanayotoka visima vya machuguu ya mchanga ya Shela.

Septemba kusi ilipolegea wakaja thripsi, vidudu vyembamba vinavyojificha katikati ya majani na kuyaachia michirizi ya rangi ya fedha. Nilivikosha kwa maji asubuhi, na jioni nikanyunyiza maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Havikuisha, lakini vilipungua.

Oktoba nikaanza kung'oa mojamoja, nikiruka moja ili inayobaki inenepe. Zilikuwa na unene wa dole gumba, nyingine zaidi kidogo, Scotland wangezicheka. Shangazi alizikatia kwenye sambusa, akasema kitunguu hiki kina adabu, hakimlizi mtu. Ami naye akaomba yale majani magumu ya juu ampe punda wake. Hapo nilimkatalia, kwa sababu kitunguu na jamaa zake wote huharibu damu ya punda. Yakaenda kwenye rundo la mbolea.

Nilizimaliza zote Novemba, kabla ya kaskazi kushika. Hakuna hata moja iliyotoa ua, kwa kuwa liki hungoja baridi kali ndipo ichanue. Faida yake haikomai ghafla ikawa ngumu. Hasara yake huvuni mbegu, lazima ununue mpya kila mwaka. Safari ijayo nitatafuta pia King Richard, aina ya mapema ambayo haikukusudiwa kukabili barafu, niisie pamoja na Musselburgh beseni mbalimbali.