Vile tulitengeneza mahali pa watoto kucheza hapa Kalobeyei

Naandika hii kwa yeyote anayeishi kambini na anataka watoto wa mtaa wake wapate mahali salama pa kucheza, juu mimi na wamama wa blok yetu tumeifanya hiyo kazi na inawezekana hata bila pesa nyingi.

Kalobeyei, makazi ya wakimbizi hapa Turkana, Kenya, ilifunguliwa 2016, karibu na kambi ya Kakuma ambayo iko tangu 1992, na ilipangwa vizuri kwenye ramani ili sisi wakimbizi na wenyeji Waturkana tutumie shule na hospitali pamoja. Sawa, lakini ramani haijui mtoto anapitia wapi akitoka kuchota maji. Kwa hiyo kabla ya kushika jembe tuliwapa watoto makaratasi na kalamu za rangi, wachore mtaa wao, na pale wanapoogopa wapake nyekundu. Kuna msichana mdogo alichora bomba kubwa kushinda nyumba yao, foleni ya mitungi imezunguka karatasi yote, halafu kale kanjia ka nyuma ya maduka akakapaka nyekundu, akapaka, akapaka mpaka karatasi ikatoboka. Hatukumuuliza kitu mbele ya wenzake. Mama mmoja ambaye watoto wamemzoea aliongea naye baadaye polepole, na hiyo njia tukaifikisha kwa walinzi wa jamii na mtu wa ulinzi wa watoto.

Ile michoro ndiyo ilituonyesha pa kujenga. Kuna waliotaka kiwanja kikubwa huko pembeni kizungushiwe mabati marefu, eti ndio usalama. Mimi nilikataa na bado nakataa, juu mabati marefu yanamficha mtoto na pia yanamficha mtu mbaya aliyeingia humo ndani. Tulichagua karibu na bomba, mbali kidogo na foleni ili mitungi na bodaboda zisiwagonge, lakini mama akiwa kwenye laini anamuona wake na anaona pia wa jirani. Ukuta ni wa matofali ya udongo, unafika kiunoni tu, watoto wenyewe wanaukalia. Mlango mmoja, mpana, bila ngazi, ili mtoto wa kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Na tulihakikisha ni mbali na laga, ule mto unaokauka mpaka mvua inyeshe, maana hapa Turkana unaweza kuona mbingu nyeupe kabisa na maji yanashuka ghafla, mvua imenyesha huko juu.

Jua la hapa si mchezo. Ukiweka turubai peke yake chini yake ni jiko, na upepo wa mchana unaichana. Tuliezeka makuti ya mkoma, tukanunua kwa wamama wa Kiturkana na wakatuonyesha vile yanafungwa, na tangu hapo watoto wao wanakuja kucheza na wetu bila mtu kuitisha mkutano wa amani. Maji yanayomwagika bombani tuliyachimbia mfereji mdogo yaende kwa miche ya mwarobaini. Mathenge, ile miti ya miiba, yote tuling'oa, maana mwiba wake ikiingia mguuni inafura vibaya na watoto wengi hawana viatu.

Kitu ambacho wengi wanasahau ni wasichana. Ukiangalia viwanja vingi ni wavulana na mpira, wasichana wamesimama kando na mtoto mgongoni, kwa sababu wametumwa kulea. Tulitenga kona yenye mikeka ya wadogo na mama wa kuwaangalia, na siku hiyohiyo wakubwa wakaanza kuruka kamba. Vyoo navyo, cha wasichana na cha wavulana mbalimbali, komeo liwe kwa ndani na mlango uangalie palipo wazi, si nyuma kwenye giza.

Halafu watu. Hakuna mtu mzima anayebaki na watoto peke yake, lazima wawe wawili, na mmoja anajua Kiswahili na mwingine Kiarabu cha Juba au Kirundi, ili mtoto akiwa na neno apate wa kumwambia. Anayekataa hiyo sheria hatumpokei, hata kama ni mkubwa wa dini.

Mwaka 2025 misaada ilipokatwa na chakula kikapungua, wengine walisema mambo ya michezo yasubiri. Nawaelewa, njaa naijua. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unasema kucheza na kupumzika ni haki ya mtoto, na mtoto mwenye njaa akikosa hata mahali pa kukaa atazurura mpaka kwenye ile njia ya nyuma ya maduka. Kwa hiyo tuliendelea. Wamama wanapeana zamu, wenye maduka wanachangia misumari na kamba, na kila kabla ya mvua tunabadilisha makuti yaliyooza. Kilichobaki sasa ni taa ya sola, ile ya kwanza imezima, na jioni tunalazimika kufunga mapema.