Nchi Huru Iliyokwama Lamu

Mwaka 1894 walishuka Lamu Wazungu wa namna ambayo mji huu, pamoja na uzoefu wake wote wa kupokea wageni, haukuwa umeizoea. Hawakuja kununua pembe za ndovu wala boriti za mikoko. Hawakuja kuhubiri dini, na hawakuwa na bendera ya mfalme yeyote ya kuisimika. Walikuwa njiani kuelekea Mlima Kenya, ambako walikusudia kuanzisha nchi ambamo hakuna mtu angemiliki ardhi, hakuna angetoza riba, na kila mgeni angekuwa na haki ya kulima sawa na aliyemtangulia. Sheria za nchi hiyo, desturi zake na hata mji wake mkuu vilikuwa vimekwisha kuandikwa kitabuni. Kilichobaki ni kufika tu.

Mwenye kitabu hicho alikuwa Theodor Hertzka, aliyezaliwa Pest, sehemu ya Budapest ya leo, mwaka 1845, akawa mwanauchumi na mwandishi wa habari mjini Vienna, na kwa miaka kadhaa akasimamia kurasa za uchumi za gazeti la Neue Freie Presse. Mwaka 1890 alitoa riwaya aliyoiita Freiland, yaani Nchi Huru, na mwaka uliofuata ikatafsiriwa kwa Kiingereza. Ni riwaya kwa jina, kwa sababu wahusika wake hawana tabia wala damu. Kazi yao ni kuelezana mahesabu. Lakini mahesabu yenyewe yalisisimua watu. Hertzka hakuwa mkomunisti, bali alikuwa na imani kubwa katika soko huria, na aliona kwamba soko hilo limeharibiwa na watu wawili: mwenye ardhi anayedai kodi na mwenye mtaji anayedai riba. Ukiwaondoa hao, alisema, wafanyakazi watajiunga katika vyama vyao wenyewe, watakopa mtaji katika hazina ya umma bila riba, watagawana faida kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja, na vitabu vya hesabu vya kila chama vitakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuvisoma. Wazee, watoto, wanawake na wasiojiweza wangetunzwa kwa haki wala si kwa sadaka.

Kuhusu riba, waungwana wa Lamu wa siku zile wasingekuwa na la kubisha, angalau kwa mdomo. Kuhusu ardhi mambo yangekuwa mengine, kwa maana utajiri wa mji ulikuwa katika mashamba ya bara, huko Hindi, Mkonumbi na Mpeketoni, na aliyeyalima hakuwa mwenye shamba bali mtumwa wake.

Kwa nini Mlima Kenya? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba Ulaya iliujua mlima huo kiasi cha kuuota tu, bila kuujua kiasi cha kuondolewa ndoto hiyo. Krapf, mmisionari Mjerumani, aliuona kwa mbali mwaka 1849 na akadhihakiwa aliposema kuna theluji karibu na mstari wa ikweta. Joseph Thomson, mvumbuzi Mskoti, alipita upande wa magharibi yake mwaka 1883, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1885 kilisifu nyanda za juu, baridi yake na malisho yake. Teleki, msafiri kutoka Hungaria, alipanda sehemu ya mteremko mwaka 1887. Mzungu wa kwanza kufika kileleni alikuwa Mackinder, mwaka 1899, miaka mitano baada ya hadithi hii. Kwa hiyo Hertzka, akiwa Vienna, alikuwa na mlima halisi wenye hewa nzuri, na nafasi tupu kuuzunguka ambayo angeweza kuijaza kwa lolote alitakalo. Akajaza mji wa Edeni, mashine, barabara na mifereji. Wakikuyu, Wameru, Waembu na Wamaasai, ambao walikuwa na mipaka yao, mashamba yao na wazee wao wa kuamua kesi za ardhi, riwaya inawapitia kama vizuizi vya njiani vinavyogeuka marafiki baada ya kurasa chache.

Nilimsimulia ami yangu kisa hiki barazani baada ya swala ya alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akazungusha tasbihi yake, kisha akauliza, “Sasa mwanangu, hiyo ardhi isiyo na mwenyewe walionyeshwa na nani?” Nikamwambia hakuna aliyewaonyesha, waliisoma. Akatikisa kichwa, akaniuliza habari za bei ya samaki.

Katika riwaya, msafara unaanzia Mombasa na kupita nchi ya Wamaasai. Wafuasi wa Hertzka, ambao walikuwa wameunda vyama katika miji kadhaa ya Austria na Ujerumani na kuchangishana fedha, waliamua kupita Lamu. Ukitazama ramani utaelewa mara moja. Maji yanayoshuka kutoka Mlima Kenya huingia Mto Tana, nao Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, humwaga maji yake baharini karibu na Kipini, umbali mfupi kutoka hapa kwetu. Mtu aliyeketi Vienna angeapa kwamba Mungu ameichimba njia hiyo kwa makusudi. Tena mwaka 1891 Dundas, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alikuwa ameupanda mto huo kwa meli ndogo ya moshi iitwayo Kenia mpaka Hameye, mbali sana juu, kwa hiyo haikuwa ndoto tupu.

Anayeishi huku angewaambia mengine. Mlango wa Tana una mafungu ya mchanga, na wimbi la kusi likiupiga, nahodha mwenye akili hakaribii. Ndiyo maana vyombo vilipita kwa mlango wa Mto Ozi pale Kipini, vikafika Kau, kisha vikaingia Tana kwa mfereji wa Belezoni, ambao Sultani wa Witu, nchi ndogo ya bara jirani na Lamu, alikuwa ameuchimbisha na ambao ulijaa magugu na matope kila ulipoachwa bila kusafishwa. Mto wenyewe hujipinda mno, hivi kwamba mwendo wa siku nzima kwa mtumbwi unaweza kukuacha karibu na ulipoanzia ukipima kwa nchi kavu. Maji hupanda na kushuka kwa majira, na kati ya vijiji vya Wapokomo na mlima kuna nyika kavu inayohitaji wapagazi wengi na chakula kingi. Lamu haikuwa mji wa misafara ya bara. Wapagazi walipatikana Mombasa, Bagamoyo na Unguja. Sisi watu wetu walikuwa wa baharini.

Wakati nao haukuwa mzuri. Ili kufahamu Lamu ya mwaka 1894 inafaa kukumbuka yaliyoipata katika miaka tisa iliyotangulia, ambayo yenyewe ni kisa cha ajabu kisichosimuliwa vya kutosha. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kwa jina la Simba, wakanunua kwake ardhi, na Ujerumani ikatangaza himaya juu ya Witu. Mwaka 1888 Wajerumani wakafungua posta hapa Lamu, ikaendeshwa hadi mwaka 1891. Nyumba yake ipo hadi leo katika barabara kuu ya ndani, imefanywa makumbusho madogo ambayo watalii wengi huyapita bila kugeuka. Halafu mwaka 1890 Berlin na London zikaketi mezani, Ujerumani ikaacha madai yake ya Witu na mengine katika pwani hii, na ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu hawakuulizwa. Baada ya miezi michache Mjerumani aitwaye Küntzel aliuawa huko Witu pamoja na wenzake, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Waingereza, chini ya Admirali Fremantle, wakaja na wanamaji wao wakauchoma mji. Kampuni ya Kiingereza ilijaribu kuitawala nchi hiyo ikashindwa, ikajiondoa mwaka 1893, na mwaka huo Waingereza walikuwa bado wanapigana na Fumo Omari, kiongozi wa Witu, katika ngome zake za msituni huko Pumwani na Jongeni.

Hapo ndipo walipofikia wajenzi wa Nchi Huru. Nyuma ya mji kulikuwa na msitu wenye harufu ya baruti, mbele yao bahari, na maafisa wa Kiingereza ambao, kwa kuwa walikuwa wametoka tu kuwaondoa Wajerumani kwa njia ya mkataba, hawakuwa na hamu ya kuona kundi jingine la wanaozungumza Kijerumani likipita na shehena kuelekea ndani ya nchi. Kiongozi wao alikuwa Dakta Wilhelm. Hertzka mwenyewe hakuja.

Kilichofuata hakina vita, simba wala mafuriko. Walikaa. Kundi lilikuwa mchanganyiko wa watu wa mataifa mbalimbali ya Ulaya, baadhi yao wakiwa na imani ya dhati, wengine wakiwa wametafuta tu njia ya kutoka kwao, na walichokubaliana kwa uhakika ni kitabu. Kitabu kilikuwa kimeeleza kwa urefu jinsi ya kugawana faida ya kiwanda cha wafanyakazi maelfu. Hakikueleza nani ana haki ya kutoa amri kwa watu waliochoka na joto, wenye homa, waliokwama katika mji wasioujua lugha yake, huku fedha zikipungua. Wakagombana juu ya uongozi. Ulevi ukaingia, na katika mji wa Kiislamu hilo halikuwapatia marafiki. Baadhi yao walijaribu njia ya Tana, lakini mlima hawakufika hata karibu yake. Kabla mwaka 1894 haujaisha msafara ulikuwa umevunjika, kila mtu akashika njia yake.

Mimi ninachokitafakari zaidi ni kitu walichokipita. Yapo maelezo mengi ya kushindwa kwao, na karibu yote yanasimama kwenye ugomvi na chupa, kana kwamba wangekuwa na nidhamu tu wangefaulu. Lakini umbali wa siku moja hivi kutoka Lamu, huko Witu, palikuwa pamekuwepo kwa takriban miaka 30 nchi iliyojengwa na watu waliokimbia. Simba mwenyewe alikuwa Mnabahani, wa ukoo uliotawala Pate, aliyefukuzwa huko kwa nguvu za Unguja, na katika msitu ule aliwapokea watumwa waliotoroka mashamba ya Lamu na Malindi, wadeni walioshindwa kulipa na watu waliogombana na masultani wengine. Aliyefika alipata konde la kulima, na kwa malipo yake alishika silaha Sultani alipoita. Mabwana wa pwani waliwaita watoro, na walilalamika kwa Sultani wa Unguja mwaka baada ya mwaka kwamba shimo lile linawanyonya.

Sitaki kuipamba Witu. Watu wake walivamia mashamba ya jirani, waliteka nyara, na aliyekuwa mtumwa jana aliweza kumiliki mtumwa leo. Hata hivyo, kama kuna mahali katika pwani hii ambapo suala la Hertzka, yaani mtu asiye na kitu aipateje ardhi bila kuwa mali ya mwenye ardhi, lilikuwa limejibiwa kwa jembe badala ya kalamu, jibu hilo lilikuwa pale, tena lilikuwa limeunguzwa miaka minne tu kabla wao hawajatia nanga. Wangeweza kuwauliza watu waliokuwa bado wamejificha msituni jinsi chakula kinavyopatikana mwaka wa kwanza, nani anaamua kesi, na jirani mwenye bunduki anafanya nini akiona watu wake wanahamia kwako. Sidhani kama wazo hilo lingeweza kuwajia. Macho yao yalikuwa mlimani.

Mmoja wa waliokuwamo, Gustav Maria Rabinek, alibaki Afrika akawa mfanyabiashara wa pembe na mpira katika maeneo ya Katanga. Mwaka 1901 watumishi wa Dola Huru ya Kongo, nchi ambayo ilijiita huru kwa maana ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, walimkamata kwenye meli katika Ziwa Mweru kwa kosa la kufanya biashara waliyodai ni yao peke yao. Alihukumiwa kifungo, akakata rufaa, akafia njiani alipokuwa akisafirishwa kwenda magharibi kusikilizwa. Kesi yake ilizua kelele Ulaya na ikawa mojawapo ya hoja za waliokuwa wakiupinga utawala wa Leopold.

Huko Vienna somo la Lamu halikusahaulika mara moja. Theodor Herzl, naye mwandishi wa Neue Freie Presse, alipotoa mwaka 1896 kitabu chake cha kutaka dola ya Wayahudi, alijitahidi katika dibaji kujitenga na Hertzka: Nchi Huru, alisema, ni mashine tata yenye meno mengi yanayoshikana vizuri, lakini hakuna kinachothibitisha kwamba inaweza kuendeshwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwaka 1903 Uingereza ilimpa Herzl huyohuyo pendekezo la ardhi ya Uasin Gishu, katika Kenya ya leo, na ilibidi tume itumwe kuikagua kabla mkutano wa mwaka 1905 haujalikataa.

Hertzka alifariki Wiesbaden mwaka 1924. Wakati huo nyanda za magharibi ya Mlima Kenya zilikuwa zimekwisha kukatwa kuwa mashamba ya walowezi, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwaruhusu kuyakodi kwa muda wa miaka 999.